Nyama Ambayo Mama Hakula

Juzi hapa Kakuma niliitwa kwenye mkutano wa mawakili wa haki za binadamu. Mimi nauza chai karibu na mahali mabasi ya Kitale yanasimama. Shule niliacha darasa la pili nikachunge mbuzi, lakini waliniita kwa sababu walisikia habari ya kwetu. Nikavaa leso safi, nikaenda. Kabla sijaingia ukumbini nikasikia harufu ya mbuzi anachomwa nyuma ya jengo, mafuta yanadondoka kwenye makaa, nikasimama pale mlangoni. Wewe rafiki yangu unayesoma, pengine harufu hiyo inakutoa mate. Mimi inanirudishia aibu.

Kwetu ni katikati ya Kakuma na Lodwar, ndani kidogo, mbali na barabara. Mto wetu hauna maji juu, maji yake yako chini ya mchanga. Wakati wa kiangazi wanaume walikuwa wanachimba kisima mpaka mtu akisimama chini humwoni kichwa. Mmoja anakaa chini kabisa anachota, wengine wanapangana juu yake kwenye vipandio vya udongo, karai linapanda mkono kwa mkono mpaka kwa mbuzi. Na walikuwa wanaimba. Yule wa chini ndiye anaanzisha, anamsifu ng'ombe wake, pembe zake, nundu yake, na wale wa juu wanaitikia.

Wa chini alikuwa kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama. Sauti yake ilitoka ardhini ikafika mpaka kwenye mikoma, ile miti kama mitende, mahali sisi wanawake tuliokota matunda. Bibi alikuwa anacheka, anasema, "Huyu ataoa ng'ombe. Hakuna msichana ameimbiwa hivyo." Tuliponda yale matunda ya mkoma kwa jiwe, tukatafuna ile nyama yake ngumu tamu, nyuzi zinabaki kwenye meno siku nzima. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha mchana. Nikikumbuka utoto wangu nakumbuka hiyo ladha na huo wimbo, vyote pamoja.

Asubuhi moja tulisikia lori, halafu wimbo ukakatika katikati. Mama alisimama na jiwe mkononi. Kisha akakimbia, na sisi nyuma yake. Tulipofika, kisima kilikuwa kimya na karai limepinduka, maji yanaingia mchangani.

Wanaume walitusimulia wenyewe. Askari walikuja wanatafuta bunduki, wakamvuta kaka kutoka kisimani kwa mikono, wakampiga, wakamtupa kwenye lori. Mbele, kando ya dereva, alikaa chifu wetu. Ndiye aliyenyoosha kidole. Sajini aliyeongoza askari ndiye aliyepiga. Baba yangu alisimulia hayo huku analia, ameshika kile kigoda cha kaka, ekicholong tunakiita, ambacho mwanaume hulalia kichwa na kukalia. Aliona kila kitu. Alikuwa kwenye kipandio cha kwanza, juu tu ya mtoto wake.

Mama alizunguka kambi za askari mpaka viatu vyake vya tairi vikakatika. Kila mahali walimwambia hawana mtu kama huyo. Hapa Kakuma ndipo mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan, aliyekuwa anabadilishana na sisi unga kwa kuni, alimwambia, "Mama, mimi mtoto yangu walifunga. Iko wakili Lodwar, chumba nyuma ya kanisa. Yeye alitoa."

Huyo wakili alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa na uzi upande mmoja. Gari lake lilikwama kwenye mchanga wetu kila alipokuja, na sisi watoto tulilisukuma huku tukimcheka. Alikuwa mtu wa bara, hakujua Kiturkana isipokuwa ejok, na hiyo moja alisalimia nayo mpaka mbwa. Mwalimu wa shule yetu ndiye alimtafsiria. Alimwambia mama:

"Siendi kuomba fidia. Naenda kuomba mtu. Nitamwambia jaji, askari wamemchukua huyu, basi wamlete mbele yako, akiwa mzima au akiwa maiti."

Mama alimfanya arudie. Kisha akauliza, "Na wakikataa?"

"Ndiyo maana nataka wale walioona. Wakisema mbele ya jaji, askari watalazimika kujibu."

Mama hakuona. Mimi sikuona. Sisi tulisikia wimbo ukikatika tu, na hiyo haimfungi askari. Walioona ni wanaume wa kisimani, na wote walikubali, baba wa kwanza. Wakili akasema siku moja kabla ya kesi atakuja awachukue na gari.

Chifu naye hakulala. Siku hiyo ya mashahidi kuchukuliwa, kabla wakili hajafika, alileta ng'ombe dume mwekundu, mnene, katika mwaka ambao mbuzi wetu walikuwa mifupa. Akasema ni wa kutuliza mioyo. Na kwetu kila mtu anajua maana yake. Dume wa namna hiyo akichomwa, mkosaji na mkosewa wakamla pamoja, wakapakwa kifuani yale majani mabichi ya tumboni mwa ng'ombe, maneno yameisha. Aliyekula hawezi kuyafufua tena. Huo ulikuwa utaratibu wa wazee wa kuzuia watu wasiuane, na ulikuwa mzuri. Chifu aliutumia kumfunika kijana mzima.

Wanaume walikaa nusu duara kwenye mchanga, wakubwa katikati, wadogo pembeni. Mwanamke hasogei hapo. Sehemu yetu ilitumwa ikatundikwa kwenye miiba ya boma. Mama hakuigusa. Mimi nilikuwa na njaa hata macho yananiuma, lakini alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia, "Hiyo ni kaka yako. Utamla kaka yako?"

Wakati huo gari la wakili likafika. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri na vumbi mpaka kwenye nyusi. Chifu aliinuka na kicheko. "Karibu, wakili! Mgeni hafiki kwetu akakaa na njaa. Mkatieni mbavu!"

Mama akapiga kelele kutoka mbali, kwa Kiturkana, "Usile! Ukila umemaliza mambo ya mtoto wangu! Usile!"

Wakili akageuka. "Mama anasema nini?"

Na mwalimu, aliyetufundisha kuimba wimbo wa taifa, akafuta mafuta mdomoni, akajibu, "Anasema ule ushibe. Anafurahi umekuja."

Wanaume walicheka. Baba yangu alicheka. Wakili akampungia mama mkono kwa heshima, akakaa, akala. Walipompaka yale majani kifuani, juu ya shati jeupe, akasema ejok.

Jaji alikuja Lodwar kusikiliza. Mama alinichukua, maana hakutaka nibaki nyumbani na ile nyama. Kulikuwa na joto, mabati yanalia juu yetu. Wakili alisimama vizuri, akaongea Kizungu kirefu, halafu akamwita baba. Akamuuliza kwa Kiswahili, "Mzee, asubuhi ile kisimani uliona nini?"

Baba akaangalia chini. "Sikuona kitu."

"Mzee. Si uliniambia…"

"Wakili," baba akasema, na hakuwa na hasira, alikuwa anamshangaa tu, "kwani si tulikula na wewe?"

Watu wa kwetu waliokaa nyuma wakacheka. Jaji akauliza kuna nini. Chifu alikuwa anajipepea na kofia yake. Wakafuata wanaume wengine wa kisimani, na wote hawakuona kitu. Askari wakasema hawana mtu kama huyo, na jaji akasema hawezi kuamuru aletwe mtu ambaye hakuna aliyeona akichukuliwa. Ikaisha.

Nje, wakili alichuchumaa mbele ya mama. Sasa alikuwa ameelezwa. Alijaribu kusema, miwani mkononi. "Mama. Nilikula."

Mama akamjibu kwa Kiswahili chake kidogo, "Wewe walikulisha. Wao walikula."

Alirudi kwetu tena na tena, gari linazidi kuchakaa, akitafuta hata mmoja aseme. Wanaume wakiona vumbi lake walihamia upande wa pili wa mto. Watoto hatukusukuma gari tena, tulikatazwa. Nilimwona mara ya mwisho analichimbua peke yake na bakuli, mtu aliyekuja kutuombea mtu wetu, na mji mzima umejificha kwenye vichaka. Hiyo ndiyo aibu ninayosema. Chifu alikuwa mbaya, na sajini pia, na mwalimu. Hao nawataja bila kuona haya. Lakini wa nne ni baba yangu, na huyo siwezi kumtaja bila haya.

Mama amekufa. Kisima kimejaa mathenge, ile miti ya miiba, huwezi hata kupitisha mkono. Siku hizi kuna bomba la mkono, watoto wanasukuma kimya, wakiangalia simu. Sijasikia mtu akiimba kutoka chini ya ardhi tena. Kigoda cha kaka ninacho, wateja wa chai wanataka kukikalia na mimi nawafukuza.

Basi juzi pale ukumbini wakili mmoja, msichana wa Nairobi, mzuri, mwenye kusikiliza, aliniona nimeisukuma sahani pembeni, akaniita kama bibi yake.

"Shosho, hauli nyama?"

"Nakula, mama. Lakini kwanza niambie, huyu mbuzi ametolewa na nani?"

Alitaka kucheka, halafu akaniangalia tena. Akaweka chini kipande kilichokuwa karibu kufika mdomoni, akapangusa vidole, akaenda kuuliza.