Bahija Alipofuta Jina la Ibtisam

Saa nne asubuhi, Bahija Lamrini amekwishakunywa glasi mbili za chai ya mnanaa na bado hajamsalimia mtu vizuri. Yuko mbele ya kompyuta katika duka la Lalla Zahia la kukodisha mavazi ya harusi, mjini Meknes, miwani puani, kidole kimoja hewani. Anatafuta herufi. Akiipata, anaibonyeza kwa nguvu kama anaua mdudu.

Nyuma yake ukuta mzima umejaa kaftani: za hariri, za mahameli, za nyuzi za dhahabu. Leo anaingiza maharusi wa Agosti, mwezi ambao ndugu walioko Ulaya hurudi nyumbani na kila familia hutaka kuozesha mtoto wakati huo huo.

Kila bibi harusi ana namba yake. Kila vazi lina namba yake. Kila mpambaji ana namba yake. Kwenye nafasi ya mpambaji, Bahija anaandika 2, halafu 2, halafu tena 2. Namba 2 ni Ibtisam.

"Huyu wake, huyu wake, na huyu wake," anasema bila kugeuka. "Wote wanamtaka yeye. Utadhani sisi wengine tunapamba kuku."

Bado hajamwingiza bibi harusi mmoja, na amekuwa akimruka tangu asubuhi. Ni Ghizlan, bintiye wa kumzaa, ambaye ndoa yake imebakiza wiki chache. Ghizlan naye kasema anamtaka Ibtisam.

Bahija ana umri wa miaka arobaini na sita, na ni negafa tangu hajaolewa. Kazi ya negafa ni kumshika bibi harusi kuanzia anapoingia ukumbini hadi anapoondoka: kumvisha, kumvua, kumvisha tena, mavazi sita au saba kwa usiku mmoja, na kila vazi na mapambo yake. Kwa usiku mmoja hulipwa dirhamu mia nne. Msimu wa baridi unaweza kupita mwezi mzima bila hata harusi moja, na mumewe, fundi wa vigae, mgongo ulishamharibikia. Nyumba inamtegemea yeye.

Alifundishwa na Lalla Zahia mwenyewe, mwenye duka, mama mtu mzima anayetembea na fimbo na kuona kila kitu. Kwa miaka mingi Bahija ndiye aliyekaa kulia kwake. Swali lolote likizuka, Lalla Zahia alikuwa anasema, "Muulizeni Bahija."

Siku hizo duka liliendeshwa kwa nyuzi. Kila bibi harusi alipewa rangi yake, na kila vazi alilochagua lilifungwa uzi wa rangi hiyo kwenye kining'inizio. Ukiona uzi, vazi lina mwenyewe. Mambo yalikwenda hivyo hadi Agosti ya mwaka juzi, pale uzi wa rangi ya zafarani na uzi wa rangi ya haradali zilipochanganywa. Maharusi wawili, kaftani moja, usiku mmoja. Mama wa mmoja wao alikuja kusimama mlangoni akapiga kelele mpaka muuza zeituni wa jirani akafunga duka lake aje kusikiliza.

Lalla Zahia hakulala. Asubuhi alinunua kompyuta iliyotumika, akawalipia wawili kati ya wapambaji wake, Bahija na Ibtisam, dirhamu mia tatu na hamsini kila mmoja, wakasome kwenye jumuiya ya akina mama. Somo lenyewe: kutengeneza hifadhidata, yaani kuweka taarifa za duka kwenye majedwali yanayojuana.

Ibtisam alikuwa na miaka ishirini na saba na hakuwa na cheti chochote. Kabla ya hapo alikuwa anaosha nywele saluni. "Siku ya kwanza tu alielewa," anasema Bahija, na hata leo kulisema hilo kunamkunja uso. "Siku ya kwanza! Mimi nilikuwa bado natafuta pa kuiwashia."

Bahija alikuwa ametengeneza jedwali moja kubwa. Ndani yake aliweka kila kitu: bibi harusi, simu ya mama yake, ukumbi, kaftani, mpambaji. Bibi harusi mwenye mavazi saba aliandikwa mara saba, na simu ya mama yake mara saba.

"Lalla Bahija," mwalimu Abdelhak alimwambia kwa upole, na kwa Lalla ya heshima anayopewa kila mama, "huyu mama akibadilisha simu, utarekebisha mara saba?"

"Nitarekebisha. Mikono si ninayo?"

Darasa lilicheka. Ibtisam naye alicheka, na kicheko hicho Bahija hajakisahau. Kisha mwalimu akamwita Ibtisam mbele aonyeshe lake. Alikuwa na majedwali manne madogo: la maharusi, la mavazi, la wapambaji, na la nne la kuonyesha nani kachukua vazi gani tarehe ipi. Jina linaandikwa mara moja tu. Kwingine kote inatumika namba yake.

"Mwenzenu kaiona," mwalimu akasema.

"Nisikufiche," anasema Bahija. "Nilitamani umeme ukatike."

Haukukatika. Ila Bahija si mtu wa kushindwa kirahisi. Alirudi nyumbani, akachora majedwali kwenye karatasi ya kufungia nyama, akamwomba Ghizlan amuulize maswali huku anapika. Baada ya wiki kadhaa akaelewa. Walipofika kwenye somo la kuunganisha majedwali, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza, akaomba aunganishe ya duka.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la negafa kabisa. Mwalimu alieleza kwamba unapounganisha jedwali na jedwali, kuna visanduku vya kuweka tiki, na kimoja kina hatari: ukikiweka tiki, ukifuta kitu huku, vyote vilivyofungamana nacho kule vinafutika pia. Bahija aliweka tiki vyote.

"Sisi tukimfunga bibi harusi mkanda, tunafunga kweli. Atacheza mpaka alfajiri, mkanda haulegei," anaeleza. "Sasa mtu ananiambia fungo hili liache nusu? Nikaona huyu mwalimu hajui kazi. Nikafunga yote."

Mwalimu hakuona. Na somo la mwisho, la kuweka nakala ya akiba, liliangukia Jumamosi. Jumamosi ni harusi. Hawakwenda.

Kompyuta ikaingia dukani. Lalla Zahia akaifukizia ubani na kuitundikia kiganja cha fedha cha kuzuia husuda, na kazi ikaenda vizuri. Tatizo likawa moja: swali lolote likizuka, Lalla Zahia sasa alikuwa anasema, "Muulizeni Ibtisam."

Akina mama wa maharusi nao wakaanza. Ibtisam ana mkono mwepesi. Ibtisam anacheka na watoto. Ibtisam anatuma picha za kaftani kwenye simu. Bahija alikuwa anayasikia hayo huku anakunja vitambaa.

Kisha, mwanzoni mwa Juni, Ghizlan akaja jikoni kwao. Kwa desturi mama wa bibi harusi hapambi. Anakaa mbele, anapokea pongezi. Bahija alilijua hilo, na alikuwa amepanga mwanawe apambwe na Lalla Zahia, fimbo na yote.

"Mama, nataka Ibtisam."

"Ibtisam yupi?"

"Kwani wako wangapi, mama?"

"Haya. Nendeni mkachague mavazi nyinyi wenyewe. Mimi msinishirikishe."

Hakutaka hata kuambiwa wamechagua nini. Akiona binti yake na Ibtisam wameinamia simu wanacheka, alikuwa anatoka nje.

Wiki hiyo hiyo familia moja tajiri ya Ifrane ikamtaka Ibtisam kwa jina. Jumamosi mchana gari likaondoka na masanduku, na Ibtisam kiti cha mbele, mahali ambapo kwa miaka yote alikaa Bahija. Bahija akaachwa dukani na kompyuta.

Alifungua jedwali la wapambaji. Lilikuwa na majina machache tu. Akabonyeza alama ndogo pembeni ya jina la Ibtisam, na chini yake wakateremka maharusi wake, mstari kwa mstari, mpaka skrini ikajaa. Akabonyeza kwenye jina lake mwenyewe. Wakateremka wachache, wakaisha.

"Nikasema, hebu nimtoe huyu kidogo nione duka linafananaje bila yeye," anasema Bahija. "Mashine ikaniuliza kabisa! Ikaniambia, vitu vingine vitafutika pamoja naye, una hakika? Ilikuwa na adabu kunishinda mimi. Nikabonyeza ndiyo."

Jina likatoweka. Anasema alisikia raha, raha ya kweli, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Akafunga kompyuta, akaenda zake nyumbani. Hakuangalia majedwali mengine.

Jumapili aliingia mama mmoja kutoka Amsterdam, ana haraka, ana pesa, anataka kaftani ya mahameli ya kijani kwa Jumamosi ya katikati ya Agosti. Bahija akatafuta kwenye kompyuta mbele ya Lalla Zahia, haraka, bila kumuuliza mtu yeyote. Mashine ikasema vazi liko wazi. Akapokea arbuni, akaandika stakabadhi, akagonga muhuri. Lalla Zahia akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeona? Umeshaijua."

Jumatatu Ibtisam alirudi, akakaa mbele ya kompyuta, akafungua jedwali moja baada ya jingine.

"Dada Bahija, maharusi wangu wako wapi?"

"Maharusi gani?"

"Wote. Na mavazi yao. Hata Ghizlan hayupo." Akashusha pumzi. "Yule mtoto alishachagua mahameli ya kijani, dada. Alikuwa anataka akushtue nayo usiku wa harusi. Eti ndiyo kaftani uliyokuwa unaipitishia mkono kila ukifungua duka."

Jumamosi ya mama wa Amsterdam ndiyo hiyo hiyo ya harusi ya Ghizlan. Stakabadhi ya mama wa Amsterdam ilikuwa imeshaondoka na muhuri wa duka, na neno la duka hilo halirudishwi. Hata kwa binti wa mfanyakazi. Lalla Zahia alilisema hilo mara moja tu, na hakuna aliyebisha.

Mwenye duka alisema ni jicho la watu. Akaagiza ubani tena, akaifukizia kompyuta mpaka wote wakakohoa. Ibtisam alikuwa anajua vizuri mashine haifuti yenyewe, lakini hakumtaja mtu. Alichukua simu yake, yenye picha na ujumbe wa kila bibi harusi, akavuta kiti karibu na Bahija, akaanza kumsomea ili aandike upya. Tena akamnunulia na msemen, chapati ya kukunjwa, yenye asali.

Mtu mwingine angelia na kukumbatiana. Bahija siye.

"Nilimwonea wivu zaidi," anasema waziwazi. "Kompyuta anaijua, wateja wanampenda, mwanangu anampenda, na sasa ana roho nzuri pia! Mungu wangu, aniachie basi hata kitu kimoja."

Alivumilia siku mbili. Ya tatu akamfuata Lalla Zahia chumba cha nyuma, akamwambia yote. "Usiandike kwamba nilikiri kwa wema," anaonya. "Nilikiri ili yule Ibtisam asinidai kitu."

Lalla Zahia alimsikiliza akiwa ameegemea fimbo. "Najua," akasema. "Jicho la hasidi halina kidole, Bahija. Ubani niliufukiza kwa ajili yako, si kwa ajili ya mashine."

Adhabu ikatolewa hapo hapo: msimu huu Bahija haongozi harusi hata moja, na yeye mwenyewe atamwingiza kila bibi harusi aliyefutwa. Tiki za visanduku alizitoa mwenyewe, moja moja, mwalimu Abdelhak akiwa kwenye simu. Sasa ukijaribu kumfuta mpambaji mwenye maharusi, mashine inakataa katakata. Bahija anasema alishajaribu kuhakikisha. Alijaribu kwa jina lake mwenyewe.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Ghizlan alilia, na siku kadhaa baadaye akauliza swali moja tu wakati wanaosha vyombo: "Mama, mimi ulinifuta kwa sababu ya yeye, au yeye ulimfuta kwa sababu yangu?"

"Nikaisugua sufuria moja mpaka ikang'aa," anasema Bahija. "Mpaka leo naisugua."

Ghizlan atavaa hariri ya buluu. Ni nzuri. Si ile.

Saa sita inakaribia na mwadhini wa msikiti wa jirani anajaribu kipaza sauti. Orodha imekwisha, kasoro mmoja. Bahija anafuta miwani kwa pindo la jilaba, anaandika jina la binti yake polepole, herufi kwa herufi, halafu tarehe, halafu ukumbi. Kwenye nafasi ya mpambaji kidole kinabaki hewani.

"Mwandikie basi, dada, tukale," Ibtisam anamwita kutoka nyuma, mdomo umejaa pini.

"Wewe mtoto usinipigie kelele. Naandika."

Anabonyeza 2. Anahifadhi. Anachukua kifaa kidogo cha nakala ya akiba, anakichomeka, anasubiri mpaka kazi iishe, anakitia kifuani.

Mipango anayo. Vuli jumuiya inaanza darasa la pili, la kutengeneza ripoti, na ameshalipa. Ibtisam naye kalipa. Bahija aliulizia hilo kabla hajatoa pesa. Safari hii, anasema, atawahi kiti cha mbele.

Na harusi ya Ghizlan? Anatumaini nini?

Anaangalia nyuma kama Ibtisam anasikia, kisha anashusha sauti.

"Namwombea mwanangu apendeze kuliko wote. Na ninamwomba Mungu yule mwingine akosee. Kidogo tu! Taji likae upande, kiasi cha unywele. Watu wasione. Nione mimi peke yangu, ninyanyuke pale mbele, niende kumwekea sawa."