Koti la Mpiga Picha wa Stesheni Limeniponza

Jamani, shangazi amerudishiwa picha yangu!

Nilipigwa picha hiyo na yule fundi wa stesheni ya Voi, anayesifiwa mpaka Maungu.

Ukifika anakuvika koti lake jeusi, analibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, kisha anazamisha kichwa ndani ya kitambaa cha kamera yake. "Usipumue!"

Sikupumua. Nikatokea kama karani mkuu.

Leo shangazi akaipeleka Chawia, kwa wazazi wa msichana ninayemtaka.

Mama mtu akaitazama, akacheka.

"Koti hili tunalijua. Hii ni mara ya tatu linakuja kuposa hapa."

Nimekimbia stesheni kumgombeza fundi. Namkuta anambana bwana mwingine vibanio!

Nikamuuliza yule bwana, picha yako inakwenda wapi?

Ati Chawia.

Sasa nyinyi mngenyamaza?