Karatasi ya Chumba cha Kufulia

Msimamizi wa jengo letu hapa mjini Gävle hamgombezi mtu, anabandika karatasi. Mtu kaacha vumbi la nguo kwenye mashine ya kufulia? Karatasi. Kigari cha mtoto kimezuia ngazi? Karatasi, kwa herufi ndogo zilizonyooka, na pini anayoisukuma kwa dole gumba kama anayepiga muhuri. "Utatubandikia hata ruhusa ya kukohoa," namtania. "Ukikohoa baada ya saa nne usiku, ndiyo," hujibu bila kucheka. Tarehe ya karatasi ikipita, huibandua siku hiyohiyo. Tangazo la halmashauri alilipima kwa pimamaji lisije likaenda upande: UKISIKIA MTU ANAPIGWA, GONGA MLANGO. USIPOFUNGULIWA, ITA POLISI.

Jumapili moja mchana tulimsikia Tuva wa ghorofa ya pili akilia, na mumewe akibamiza vitu. Tukapanda. Msimamizi aliinua ngumi mbele ya mlango, ikakaa hewani, kisha ikashuka kutafuta kalamu mfukoni. "Tusiwaaibishe, jirani," alininong'oneza. Nikainama, akaweka karatasi mgongoni kwangu na kuandika: "Tafadhali, kelele zipungue Jumapili." Akaipenyeza kwenye tundu la barua la mlangoni, tukashuka kwa kunyata.

Jumatano Tuva alitolewa kwa machela, na hajarudi. Kwenye ubao wa chumba cha kufulia ipo karatasi ambayo msimamizi hajaibandua tangu majira ya baridi, wala mimi sijathubutu. Tuva aliiweka Jumatatu ile: "Majirani, naomba radhi kwa kelele. Nitajitahidi kunyamaza."