Hatua Nne za Tope, Mamba

Alhamisi ya wiki jana, saa sita na nusu mchana, mzee nisiyemjua alinipimia hatua nne za tope, akachomeka kijiti kila upande, akaniambia: "Hapa ni pako."

Sikuwa nimeomba tope.

Nianze na yaliyo hakika. Naitwa Mutheu. Ni Mkenya wa Makueni, nasomea biashara ya kilimo Moshi, mwaka wa pili. Nilipowaambia ndugu zangu naenda kusoma nje ya nchi, walinichangia koti la baridi kali. Siku hiyo, nikiwa juu ya milima ya Upare, niliziona tambarare za Kenya kwa macho yangu bila darubini. Nje yenyewe ndiyo hiyo.

Nilichotaka kilikuwa kimoja: barua ya kukubaliwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Chuo kilikuwa kinafunga orodha Ijumaa asubuhi. Asiye na barua anarudia mwaka. Vikundi vitano vilishanikataa kwenye simu. Cha sita ni cha wakulima wa tangawizi, kijijini Mamba, huko Upare. Katibu wake, Mama Eliwaza, alisema tu: "Njooni saa tisa alasiri. Siahidi kitu."

Njooni, kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu ni Sharifa, mtoto wa Tanga, anayepiga pasi hadi kamba za viatu.

Tukaamua tuifanye safari ya siku nzima. Asubuhi tulianzia Same mjini, kwenye ghala la mnunuzi wa tangawizi, Bwana Anderson. Alivunja kipande, akakinusa, akakitupa gunia la kushoto. Kingine, kulia.

"Kipimo chako ni kipi?" nikamuuliza.

"Pua."

Nikaandika kwenye daftari: pua, hakuna takwimu.

Kisha gari la kupitia Kisiwani, kisha bodaboda ya kijana anaitwa Elibariki, sote watatu tumebanana mshikaki, tunapandisha kona juu ya kona. Upande mmoja migomba, upande wa pili hewa tupu. Tulicheka njia nzima bila sababu ya msingi. Mwinuko kutoka usawa wa bahari unaweza kueleza sehemu ya kicheko hicho. Sehemu nyingine siwezi kuieleza.

Tulifika mapema mno.

"Dada zangu, hapo chini kuna ndiva," Elibariki akasema. "Bwawa la wazee wetu. Maji ya mfereji yanalala humo, alfajiri yanafunguliwa kwa zamu. Kapigeni picha."

Tulipokaribia, pembe ililia. Bwawa lilikuwa limekaushwa, na ndani watu kama sitini wamejipanga mstari, majembe mkononi, wanaimba.

"Tamasha," Sharifa akasema.

Nilimpa simu. Nikaokota jembe lililokuwa limelala ukingoni, nikashuka, nikajipenyeza mstarini, nikatabasamu. Akapiga picha sita.

Katika ya saba anaonekana mzee na daftari lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jina?"

"Mutheu."

Akaandika. Akahesabu hatua nne. Akachomeka vijiti.

"Mzee, mimi nilikuwa napiga picha tu."

"Umeshika jembe?"

"Nimeshika."

"Umesimama mstarini?"

"Nimesimama."

"Basi."

Nilitafuta tundu kwenye hoja hiyo. Halikuwepo.

Mama wa kulia kwangu, Agnes, alikuwa ameshika mbavu. "Huu ni msaragambo, mwanangu. Kazi ya wote. Ukiingia mstarini na jembe, hutoki mpaka umalize kipande chako. Mchungaji mwenyewe aliingia siku moja kusalimia waumini. Alitoka jioni."

Nikachimba.

"Hilo jembe unalibembeleza," Agnes akasema. "Limelala?"

Nikachimba kwa nguvu zaidi, nikateleza, nikakaa chini kwenye tope mpaka kiunoni. Mstari mzima ulishangilia. Nilicheka mpaka nikashindwa kunyanyuka. Nalitaja kwa sababu ni kweli, si kwa sababu najivunia.

Saa nane na nusu Sharifa aliangalia viatu vyake vyeupe, akaangalia saa. "Shoga, natangulia. Nitakutetea."

Mimi nilimaliza saa tisa na dakika ishirini. Mzee Yonathani, ndilo jina lake, alitumbukiza fimbo, akanirudisha niongeze kina upande wa kushoto. Nilipofika ofisini ilikuwa karibu saa kumi, sina viatu, nadondosha tope.

Sharifa alikuwa kwenye benchi, msafi kabisa, macho mekundu.

"Amekataa," akaninong'oneza.

Mama Eliwaza alinitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye wa pili? Nimemwambia mwenzako. Mwaka juzi walikuja wanafunzi, wakapiga picha, wakatoweka na kumbukumbu zetu za mbegu. Mkutano ukapitisha kanuni: nafasi ni za wakazi tu."

Nikauona mwaka mzima unarudi nyuma. Kilichobaki cha kushika ni kanuni yenyewe.

"Mama, mkazi ni nani kwa mujibu wa kanuni hiyo?"

Akavaa miwani, akafunua karatasi. "Mkazi ni mtu yeyote aliyeandikwa kwenye daftari la msaragambo, na kipande chake kikakaguliwa."

Akayatazama tena magoti yangu.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Yonathani akaweka daftari mezani. "Katibu, leo sitini na mmoja. Huyu ndiye wa mwisho, ila kina kiko sawa."

Mama Eliwaza alisoma jina langu, akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akagonga muhuri kwenye barua yangu.

Sharifa akasimama. "Mzee, kuna tope limebaki?"

"Limekwisha. Ila mfereji una majani."

Saa kumi na moja na nusu naye alipata muhuri wake, viatu vyeupe vikining'inia shingoni kwa kamba zilizopigwa pasi.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Mzee Yonathani akafunua ukurasa mwingine.

"Zamu zenu za maji ni Jumanne alfajiri. Nusu saa kila mmoja."

"Mzee, mimi sina shamba."

"Hilo ni shauri lako. Maji nayo ni yako."

Nje, Elibariki alikuwa amekaa juu ya pikipiki. Hakuiwasha.

"Dada Mutheu," akasema taratibu, "mimi nina robo eka ya tangawizi pale juu. Inakauka."

"Tunashuka au hatushuki?"

"Inategemea Jumanne."

Nikampa Jumanne. Pikipiki ikawaka mara moja.

Funzo: ukifika ugenini, kabla hujaokota kitu kwa ajili ya picha, uliza kukishika kuna maana gani pale. Mimi sikuuliza, nikapata barua, ukazi na maji. Lakini huo ni mfano mmoja, na mfano mmoja hauthibitishi kitu. Wewe uliza.