Nilikata bei ya diski nusu, na sanduku limejaa arusi za watu

Wakuu, nawasalimia kutoka Bunia.

Hii mambo imenikula dola mia moja na sabini. Nimehesabu mara mbili. Sijaweka pikipiki za kwenda na kurudi sokoni, wala ile haya niliyopata mbele ya semeki yangu, shemeji, maana hiyo haina bei.

Nitaieleza vile ilivyokuwa, hata pale inaponichafua. Mukiona mahali nimejisifu, mukate kidogo. Nimezoea kukatiwa.

Siye tuko na studio ya picha na video. Arusi, mahari, matanga, watoto waliopata diplome. Bwana yangu anashika kamera, miye nashika pesa.

Studio zingine, mteja akishalipa na kupewa flash yake, wanafuta. Siye hatufutake. Hapa Ituri, sababu ya vita, mtu anaweza kukimbia nyumba yake asubuhi, albamu ikabaki kwenye kabati na kabati ikaungua. Watu wengi wa Djugu walifika mjini na nguo ya mwilini tu. Kisha siku moja mtu anasimama mlangoni anauliza, "Mama, ile arusi yetu, mungali nayo?"

Tungali nayo.

Ndiyo maana sanduku letu limejaa mpaka kooni. Ni sanduku la diski nne zinazofanya kazi pamoja. Moja ikifa, tatu zinazobaki zinaweza kukumbuka kazi yake. Ya pili ikifa kabla hujaweka mpya, kwaheri kwa arusi zote.

(Wale wa Dar, najua mutasema niweke kwenye cloud. Kwa internet yetu, terabyte kumi zitamaliziwa na wajukuu.)

Sasa sikieni.

Bwana yangu alikuwa Mahagi-Port, anapiga video ya arusi, simu inashika pale inapotaka. Kwa studio nilikuwa na Mama Georgine, mjane mmoja wa Djugu anayeishi hapa kwenye kambi ya waliokimbia. Alitaka picha kubwa ya marehemu bwana yake, wamalize nayo matanga Jumapili. Picha pekee ya yule muzee duniani ilikuwa kwetu, kwenye mahari ya binti yao. Hata kadi yake ya uchaguzi, yenye sura yake, iliungua.

Nafungua folda, sanduku likalia piiii. Taa ya diski ya tatu ikageuka rangi ya machungwa. Picha ikaganda nusu: kofia ya muzee inaonekana, uso hakuna.

"Ni miye nimeiharibu?" Mama Georgine akauliza.

"Hapana, mama. Rudi Ijumaa."

Nikamwita semeki yangu, Dido, mdogo wa bwana yangu. Anatengenezaka kompyuta. Akatazama, akasema diski ya tatu inakufa, tununue nyingine ya terabyte nne kwa muuzaji fulani wa sokoni, dola mia moja na thelathini.

Nikajiuliza: bei ameijuaje hata hajapiga simu?

Akaendelea, "Na kabla ya kuweka mpya, niruhusu nikopi zile unaogopa sana kupoteza. Sanduku limejaa. Kujaza diski mpya, zile zingine zitasoma kila kitu toka mwanzo mpaka mwisho. Na zenyewe zimezeeka. Moja inaweza kuanguka njiani."

"Hiyo kopi italala wapi?"

"Kwangu."

Nikamuangalia. Akaniangalia.

"Semeki," akasema, "nitafanya nini na arusi za watu? Nitaoa tena?"

Nikamwambia nitafikiri. Alipotoka tu, nikapanda pikipiki kwenda kwa yule muuzaji, peke yangu. Nilitaka kuona kama komisheni ya Dido iko ndani ya bei.

"Mia moja na thelathini, mama."

"Sitini."

"Mama, utaniua!"

"Haufi, uko na tumbo."

Tukavutana. Nikatoka mara mbili, akaniita mara mbili. Nikasema sitini na tano, ya mwisho. Akasema, "Haya, sababu ni weye."

Wakuu, bei ikishuka mbio hivyo, ujue kuna kitu kimebaki huko juu. Nililijua hilo. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba. Nikasema: nusu! Dido alitaka kula nusu!

Muuzaji akanyanyua noti zangu kwenye jua, moja moja. Moja ilikuwa na mupasuko mudogo kama ukucha wa kuku, akairudisha, nikambadilishia. Yeye alikagua dola zangu zote. Miye diski yake nilisoma tu karatasi iliyobandikwa juu: 4 TB.

Nikamwambia Dido aiweke tu, mambo ya kopi aache, akaiweka. Sanduku likaikataa. Akairudisha tena, likaikataa.

"Weye ndiye unayelifanya liikatae," nikasema, "sababu haukuinunua kwa komisheni yako."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akanigeuzia kioo. Terabyte mbili. Kisha akakwaruza ile karatasi na ukucha. Chini yake, karatasi nyingine. Ya mbili.

Tukarudi sokoni wawili. Nilikuwa nimetayarisha kelele ya kutosha soko zima. Muuzaji akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama, bei yenye ulitoa, ile ndiyo diski yake. Weye ulikata bei nusu, na miye nikakata diski nusu."

"Na ile karatasi ya juu?"

"Ile ilikuwa ya kukufurahisha."

Watu wakacheka. Dido naye, kidogo, akiangalia chini. Nikaongeza sitini na tano zingine. Bei ikawa ileile aliyoniambia toka mwanzo. Safari hii sikutoa noti hata moja mpaka diski ilipochomekwa palepale dukani na kuonyesha nne.

Njiani nikamuuliza Dido komisheni yake ni ngapi. Akasema, "Dola tano, semeki. Ungeniuliza ningekuambia."

Tulipofika nikamruhusu akopi. Nilikuwa na diski ya nje ndogo, terabyte moja tu. Terabyte kumi haziingii ndani ya moja, hata ukibembeleza, kwa hiyo tulichagua: kwanza folda ya Mama Georgine, kisha za wale wengine wa Djugu, mpaka nafasi ikaisha. Ya Mama Georgine ilisumbua, ikakwama, Dido akairudia mpaka ikatoka. Nilikaa karibu naye muda wote, na kopi ilipomalizika niliishika miye.

Kisha tukaweka diski mpya. Siku mbili groupe, jenereta yetu, haikuzimwa, mafuta ya dola arobaini, majirani wanatulaani.

Sanduku likapona. Lakini diski ya kwanza ilijikwaa njiani, na folda moja haifunguki tena hata leo. Ile ya mahari ya binti wa Mama Georgine.

Ipo kwenye kopi tu. Ile niliyokuwa nimeikataa.

Ijumaa akaja. Nikampa picha, kubwa, muzee na kofia yake na uso wote. Akaitazama, akapitisha kidole juu ya kofia.

"Ni ngapi?"

"Bure, mama."

Akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza nyuma. "Bure? Imeharibika wapi?"

Nilichojifunza ni kifupi. Diski usiulize bei kabla hujaipima, na sanduku hata likiwa na diski nne bado ni sanduku moja.

Sasa nahitaji mawazo yenu. Dido anasema tununue sanduku la pili, kopi ya kila kitu, likae nyumba nyingine, siku moto au watu wabaya wakifika kwetu. Nyumba nyingine ninayoijua ni yake. Mwenye kuelewa mambo haya, niambieni: nimuachie? Niweke kufuli gani, nenosiri gani, ili alinde bila kufungua?

Na musinijibu "ni ndugu yako huyo". Hilo nalijua, ndiyo sababu nauliza.