Kwa Nini Redio Alinyamaza

Pale tunaposhona sare za shule, wifi yangu anaitwa Redio. Jina alilipata wiki yake ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyeona kitufe cha kumzimia. Anaigiza kikohozi cha msimamizi wetu akisimama mlangoni kuhimiza kazi. Anaigiza kaka yangu, yaani mumewe, akitafuta soksi aliyoivaa. Tena anamwigiza fundi wa kola, ambaye kila jioni hubeba mto wake wa kukalia kwenda nao nyumbani, kaupakata kama kichanga. Tulishona huku tunafuta machozi ya kucheka, na kazi ilikwenda. Mimi ni wa mashine ya vifungo, nakaa nyuma yake, kwa hiyo namjua mpaka kisogo.

Alipojifungua mtoto wa nne akarudi kazini mtu mwingine kabisa. Tukicheka, yeye anabana midomo na kushika meza. Mara anainuka ghafla, anatoka kwa mlango wa nyuma, na akirudi haelezi kitu. Mwishowe akaomba mwenyewe kuhamia kwenye pasi, kazi ambayo kila mtu anaikimbia kwa joto lake. Meza ya pasi iko karibu na mlango huo wa nyuma. Ukitoka, kushoto ni choo, kulia ni ofisi ya msimamizi.

Basi watu wakapata la kusema. Kwetu sisi, anayetokatoka kwa mlango wa nyuma anadhaniwa jambo moja tu, kwamba anapeleka maneno. Kwa bahati mbaya msimamizi naye alikuwa ameanza ukali siku zilezile.

"Redio siku hizi inatangaza ofisini," alisema fundi wa kola, makusudi asikike.

Wakawa wananyamaza akipita. Chai wakamwachia ya mwisho, imeshapoa. Nilimjia juu fundi wa kola mpaka nikavunja sindano, lakini utamtetea vipi mtu ambaye hakwambii kinachomsibu?

Siku moja, mimi nikikunja mashati aliyoyapiga pasi, akaniambia anaacha kazi.

"Una wazimu? Watoto wanne, kaka yangu anategemea vibarua, wewe unaacha kazi kwa sababu ya mdomo wa fundi wa kola?"

"Wifi, usinipigie kelele."

"Nitapiga!"

Akaiweka pasi kando. "Mkojo unanitoka," akasema. "Nikicheka, nikipiga chafya, nikinyanyua furushi. Nashindwa kuuzuia. Najihisi nanuka. Hata kaka yako nimemkimbia, nalala na mtoto."

Nilipandwa na hasira, wala si juu yake. Nilimkumbuka shangazi yangu aliyeacha kwenda harusini, ukoo mzima ukasema anaringa. Nikamkumbuka baba mkwe wangu anayekaa mwisho kabisa wa kila kikao, anayeondoka kabla hakijaisha, na watu wanasema ana dharau. Leo sina hakika tena. Ni wangapi wamejifungia ndani hivi, wameacha kazi, wameacha safari, wameacha waume na wake zao vitandani, kwa jambo ambalo wangelisema wangesaidiwa? Na sisi tulio nje tunakaa kuwatungia kiburi.

Nilimburuta kliniki. Nesi, mama mmoja mwenye haraka zake, hakushtuka hata kidogo. Nadhani wifi alivunjika moyo kidogo, maana alijiandaa kwa aibu kubwa.

"Wako wengi, mama," nesi akasema. "Uzazi unalegeza misuli ya chini. Wanaume nao wanapata, kwa sababu zao. Wengi wanakaa nayo tu nyumbani." Akamfundisha kuikaza misuli hiyo na kuiachia, kila siku, hata akiwa amekaa. "Itachukua miezi. Isipopungua rudi, kuna matibabu mengine. Na maji unakunywa?"

Wifi akainamisha kichwa. Alikuwa hanywi maji tangu asubuhi mpaka jioni, mbele ya pasi ya moto.

Kesho yake, wakati wa chai, fundi wa kola akaanza. "Haya Redio, leo umetusemea nini huko?"

Nilikiona kisogo cha wifi kikikakamaa. Akaweka kikombe chini.

"Naenda chooni," akasema. "Nikicheka, mkojo unanitoka. Ndiyo maana nimeacha kucheka na nyinyi. Sijawahi kwenda ofisini. Naenda chooni."

Fundi wa kola, mdomo ule usiokosa jibu, aliinama akautazama mto wake.

"Na mimi huu," akasema polepole, "mnadhani jioni naupeleka nyumbani kufanya nini? Naufua."

Wifi aliutazama mto, akamtazama mwenyewe. Nilijua anakumbuka alivyokuwa akiigiza kuupakata ili kutuchekesha, na nikaona aibu inampanda. Lakini fundi wa kola aliunyanyua, akaupakata kifuani, akaubembeleza kama alivyofanyiwa mzaha siku zote. Wifi akashindwa. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, mkono mmoja mezani, mwingine tumboni, kisha akakimbilia mlango wa nyuma.

"Ngojeni!" akapiga kelele. "Msiendelee bila mimi!"

Fundi wa kola akamfuata, mto kwapani. Chai ikapoa, msimamizi akakohoa mlangoni, na hakuna aliyeinuka mpaka waliporudi.