Siku Nilipowafungia Wakwe Nje kwa Pikipiki

Watu hapa Kitengela bado wananiuliza ile suti yangu ya kijivu iko wapi, na mimi hujibu iko kwa dobi, jambo ambalo si kweli, maana dobi hana la kuifanyia. Afadhali niwaeleze mwenyewe aibu yangu kuliko muisikie kwa shemeji yangu Kioko, ambaye kila akiisimulia pikipiki inazidi kuwa kubwa na mimi nazidi kuwa mdogo.

Ilikuwa siku ya ntheo ya binti yangu Mwende. Kwetu Wakamba, mbuzi wa ntheo wasipoletwa msichana hajaolewa, hata kama ana wajukuu, na waliokuwa wanawaleta ni watu wa Lemayian, kijana wa Kimaasai, wafugaji wa huko ndani Kajiado, ambao sikuwa nimewahi kukutana nao. Wiki nzima nilikuwa silali vizuri. Je, baba yake akiwa mkali? Je, wakituona sisi ni watu wa ploti tu, watu wa kununua maziwa ya pakiti, wakaona kijana wao amepotea njia? Alfajiri ya siku hiyo Mwende alikuwa amenishika mkono jikoni akaniambia, "Dadi, tafadhali, leo tu, kila kitu kiende sawa."

Asubuhi wanawake walinifukuza jikoni, halafu sebuleni, halafu chini ya hema, kwa hivyo nikawa nimevaa suti tayari, sina kazi, na wasiwasi hauniachi nikae. Ndipo nikaitazama pikipiki yangu. Mvua ilikuwa imenyesha na mnaujua huu udongo wetu mweusi, ukiegemeza pikipiki kwa stendi ya pembeni inazama polepole mpaka pikipiki inalala, na nikaanza kuwaza ikimlalia mkwe, au imlalie mbuzi wa ntheo kabla hajahesabiwa. Stoo nilikuwa na stendi ya kati, ile ya miguu miwili inayoinua pikipiki ikasimama wima, niliinunua zamani na sikuwahi kuifunga. Wageni walikuwa wamesema saa sita. Saa sita ya sherehe, kila Mkenya anajua, ni saa tisa. Nikaona nina muda wa kutosha.

(Sikujua kwamba mtu aliyezoea kupeleka ng'ombe majini haongezi saa tatu juu ya saa sita.)

Ili ufunge stendi hiyo lazima tairi la nyuma liwe hewani, na kitu pekee chenye nguvu kwa boma langu ni bomba la chuma linalopita juu ya geti. Basi nikaisukuma pikipiki mpaka nyuma ya geti, nikafunga kamba kwenye keria, nikaipitisha juu ya bomba, nikavuta, tairi likapanda, nikakaza fundo. Geti letu linafunguka kwa ndani. Hilo nililijua, ni geti langu, lakini siku hiyo akili ilikuwa mahali pengine. Ili nisichafue suti nikajifunga leso ya mke wangu kiunoni, nikapiga magoti juu ya gunia.

Stendi iliingia vizuri, nikaanza hata kujisifu kimoyomoyo. Ikabaki springi. Springi ya stendi ni kitu kifupi chenye hasira, unaivuta kwa bisibisi kwa nguvu zako zote mpaka ifike kwenye ndoano yake, na mimi nikaivuta, ikafika, na ilipojifunga ikang'ata leso na suruali yangu, hapa juu ya goti, ikashika kama meno ya mbwa. Nikijaribu kuinuka, pikipiki inabembea juu yangu. Nikiifikia springi kwa mkono mmoja, haisogei. Kwa hivyo mimi nilikuwa nimefungwa kwa pikipiki, na pikipiki imefungwa kwa geti, na hapo ndipo nikasikia kengele za mbuzi barabarani.

Halafu wakaanza kuimba.

Kwetu wageni wa posa hawafunguliwi geti hivi hivi. Wanaimba waombe kuingia, na wanawake wa ndani wanawajibu kwa nyimbo, wanakataa kidogo, wanadai zawadi, ndipo geti linafunguka. Lemayian alikuwa amewafundisha watu wake vizuri, waliimba Kimaa, wakachanganya na Kikamba cha kuvunjikavunjika, na ilikuwa inapendeza kama hukuwa chini ya pikipiki. Mke wangu akatoka mbio na shangazi wote nyuma yake, wakanikuta.

"Baba Mwende," akasema, pole pole sana. "Unafanya nini na leso yangu?"

"Springi imenishika."

Alinitazama, akatazama geti, akawageukia shangazi. "Imbeni. Wajibuni. Msiache mpaka niwaambie."

Wakaimba. Kioko akapanda kiti kufungua fundo, lakini uzito wa pikipiki ulikuwa umelikaza likawa jiwe, kuikata kamba kungeniangushia pikipiki, na wanaume wa kuinua pikipiki walikuwa bado hawajafika (wao pia walikuwa wanangoja saa tisa). Mke wangu akaleta kisu, akasema anakata suruali. Na mimi, niliyesoma mpaka chuo kikuu, nikasema hapana. Nikasema hakuna kukata suti, siwezi kupokea wakwe na paja nje, tuifungue taratibu.

Taratibu hiyo ilikula wimbo, ikala wimbo mwingine. Nje wakapitisha shuka juu ya geti kama zawadi. Shangazi wakapokea, wakadai sukari. Ikapitishwa sukari. Wakadai nyingine, huku wananiangalia kwa macho ya huruma, na sauti za nje zikaanza kuchoka, moja moja, mpaka zikaisha. Nikasikia mzee mmoja akisema kwa sauti ya chini, kwa Kimaa ambacho mtu wa Kitengela hukisikia kidogo, hana hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniumiza:

"Lemayian, hawa watu wametujibu. Tumesikia. Geuza mbuzi."

"Baba, ngoja kidogo, hii ni mila yao."

"Mila haichukui sukari ya watu ikabaki imefunga geti."

Kwenye dirisha la chumba cha kulala, pazia lilisogea, na nikaona uso wa Mwende, ambaye kwa mila hakutakiwa kuonekana bado. Hakuwa analia. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Kata," nikamwambia mke wangu. Halafu nikapaza sauti kwa lile tundu la kufuli, kimo chake kilikuwa sawa na mdomo wangu, maana nilikuwa nimepiga magoti: "Mzee, msigeuze mbuzi. Geti halijafungwa na mila. Limefungwa na mimi."

Jicho la yule mzee likatokea upande wa pili.

"Wewe ni nani?"

"Ni baba ya Mwende."

"Na mbona uko chini?"

"Nilikuwa natengeneza pikipiki."

Jicho likanitazama, likatazama pikipiki inayoning'inia, likatazama kisu cha vitunguu kikipita kwenye paja langu. "Leo?" akauliza.

"Leo, mzee."

Nikamsikia akicheka huko nje kwa kifua, kisha akawatafsiria wenzake kwa Kimaa, na kicheko kikasambaa mpaka kwa mbuzi. Nilipotoka chini Kioko akakata kamba, pikipiki ikaanguka kwa kishindo kilichotikisa sufuria jikoni, wakaivuta pembeni, na geti likafunguka. Nikawapokea wakwe zangu na mguu mmoja wa suruali na mmoja wa Adamu.

Kwenye mazungumzo msemaji wao alisimama akatutoza faini ya kuweka wageni juani. Kioko, msemaji wetu, akailipa kwa mbuzi wao wenyewe. Ndivyo mbuzi mmoja wa ntheo alivyorudi Kajiado, jambo ambalo shangazi zangu wanasema halijawahi kuonekana. Lakini wengine walibaki, na Mwende ameolewa.

Jioni wakiondoka yule mzee alinivuta kando. "Mimi," akasema, "sikuwa nimekula tangu jana. Nilikuwa najiuliza, hawa watu wamesoma, watatufungulia kweli? Geti lilipokataa nikajua jibu ni hapana."

Nikamshika mkono wake kwa mikono yangu miwili, yenye grisi.

Nina binti mwingine. Siku yake ikifika, nitakaa kwenye kiti nitakachoonyeshwa, karibu na geti ili nilifungue mwenyewe, na nitatetemeka hapo hapo mbele ya watu wote, bila spana.